Mawe Mawili ya Santabrenna

Ibra, Omani, Jumatano, 18 Septemba 2024

Mwanangu Azza,

Nakuandikia nikiwa mzima, na nakuombea uwe mzima kunipita mimi. Huku tupo. Joto bado limetukalia na mimi nimeshachoka nalo. Tende tumemaliza kuvuna, za mwaka huu tamu lakini chache. Ami yako Marzouq goti lake ni lile lile, akikaa hainuki, akiinuka hakai. Hamed amehamishiwa Sur kufundisha, anarudi kila Alhamisi na samaki, na mkewe na watoto wamebaki hapa kunipigia kelele nisizozisikia.

Usicheke kuona shangazi yako anaandika barua zama hizi. Masikio yangu unayajua, simu kwangu ni mvumo tu. Na kuandikiana kwa simu ndiyo usiseme, maana simu yangu humu ndani haina mwenyewe. Ikilia anaishika aliye karibu, anasoma kwa sauti nyumba nzima isikie. Kiswahili cha kuandika watoto hawa hawakisomi, na ami yako anakisoma lakini macho yake hayawezi tena herufi ndogo. Mdogo wako Israa ananipeleka soko la wanawake kila Jumatano, tunapita posta, naitia barua mwenyewe. Hajui kilichomo wala hajauliza, Mungu ampe heri.

Nasikia unakula makaroni mchana na jioni. Haya, kula, uliondoka umekonda mno, sisi huku tulikuwa tunaona mifupa inatembea Nizwa na mkoba wa kompyuta.

Sasa nakuja kwenye haja yangu. Nimeambiwa hapo ulipo si mbali sana na kile kijiji cha baharini. Unakijua, sina haja ya kukitaja. Ukipata siku mbili za mapumziko nenda ukapatazame pale pahala. Tazama tu kama pako kama tulivyosema mwaka ule, kisha uniandikie. Usimtume mtu, usipige simu, na Hamed usimwambie.

Shangazi yako,
Umm Hamed


Bari, Italia, Jumapili, 6 Oktoba 2024

Shangazi yangu mpenzi, shikamoo.

Barua yako imenifikia jana, imetumia siku kumi na saba, na bahasha ilikuwa inanukia udi. Niliinusa kwanza ndiyo nikaifungua. Nashukuru kusikia mko wazima. Mwambie ami apake ile dawa niliyomwachia, asiiweke kabatini kama pambo.

Mimi mzima. Kozi ni ya miezi sita, mpaka mwisho wa Februari. Tunasoma namna ya kutengeneza nyumba kongwe za mawe bila kuziharibu, na chuo changu cha Nizwa kinangoja nirudi nikawafundishe wengine. Mvua zimeanza. Baridi bado, lakini nimeshanunua koti, na kwenye koti hilo mifupa haionekani.

Kuhusu haja yako, shangazi, niruhusu niandike waziwazi, maana nikienda huko lazima nijue nakwenda kufanya nini. Unataka nizuru kaburi la kaka Ghassan. Mwanao wa kwanza, aliyekuja huku kusoma akaoa Mtaliana, baba yake, ami Marzouq, akamkata, akafia Santabrenna mwezi wa Novemba mwaka 2012. Mwezi ujao anatimiza miaka kumi na miwili. Nakumbuka siku ile vizuri. Mkewe Loredana alinipigia mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza, na wewe ukasimama jikoni ukinipa maneno moja moja nami namfasiria: aoshwe na Waislamu wa Bari, avishwe sanda, alazwe ubavu wa kulia, uso kibla, pasijengwe kitu, pasiandikwe jina, pasiwekwe picha, mawe mawili tu, la kichwani na la miguuni. Loredana akauliza mara mbili kuhusu jina. Ukasema hapana.

Nitakwenda mwanzo wa Novemba, tuna likizo fupi. Wenzangu wananishangaa, wanasema kijiji kile baada ya Septemba kinafungwa, hoteli zote kufuli. Loredana sijui kama bado yuko pale.

Niambie, ami anajua kwamba umenituma?

Mwanao,
Azza


Ibra, Jumatano, 23 Oktoba 2024

Azza mwanangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma ndani ya gari la Israa, nje ya posta, nikamwambia ni ya daktari. Huku kumepoa kidogo. Kambi za jangwani Bidiya zimeshafunguliwa, magari ya watalii yanapita barabarani siku nzima. Khulood wa jirani ameposwa na mtu wa Samad, mamake hana maneno mengine. Ami yako anapaka dawa, siyo kwenye goti, anampaka mbuzi mguu uliovunjika, na mbuzi anaendelea vizuri.

Jina hilo usiliandike tena. Sikukasirika. Ni kwamba sijaliona limeandikwa miaka mingi, na nilipoliona sikuweza kuendelea kusoma mpaka Israa alipowasha gari.

Unauliza kama ami yako anajua. Hajui. Mwaka 2004 ilipokuja habari ya harusi ile, alisema jina hilo lisitajwe humu ndani, na halikutajwa. Wewe ulikuwa mkubwa, uliona. Lakini hukuwa na mtoto, huwezi kujua lingine lililokwenda nalo. Mimi tangu miaka ishirini na tano yangu nilikuwa naitwa Umm Ghassan, mama wa Ghassan. Sokoni, msibani, harusini, hakuna aliyeniita kwa jina langu, Turkiya. Wiki moja tu baadaye ami yako alianza kuniita Umm Hamed mbele za watu, na watu wakafuata. Mtoto wa pili akawa wa kwanza. Nikaitika. Siku ya kwanza nilichelewa kuitika, ya pili nikazoea.

Tazama, nimeliandika mwenyewe.

Nataka uelewe ninachokutuma. Mimi sikumuuguza. Sikumwosha. Habari ya kifo ilipokuja sikumlilia mbele za watu, nilikwenda kukaanga samaki. Nilichomfanyia mwanangu ni yale maneno niliyokupa jikoni ukamfasiria mkewe. Hayo tu. Nina miaka sabini na moyo una matatizo yake, na nikifa nataka niwe najua kwamba hilo moja lilikwenda sawa. Basi tazama mawe kama yapo mawili, tazama yameelekea wapi, uniandikie. Sitaki kingine.

Shangazi yako,
Umm Hamed


Santabrenna, Jumamosi, 9 Novemba 2024

Shangazi yangu, shikamoo tena.

Nimefika jana mchana. Nilishuka peke yangu kwenye treni, kituo hakina mtu wala karani, saa ya ukutani imesimama. Nipo kwenye nyumba ya mama mmoja, Bi Rosaria, anayepangisha vyumba wakati wa joto. Alikuwa ameshafunga, lakini nilipomwambia nimetoka Omani alinitazama usoni muda mrefu, akaenda kutafuta ufunguo. Amenifungulia chumba kimoja na kuniwekea jiko la gesi miguuni. Jana alinipikia supu ya dengu. Amenikataza kutoka nje na nywele mbichi, ungempenda.

Sijui nikueleze vipi kijiji hiki. Kila kitu kipo na hakuna kitu kilichofunguliwa. Viti vya pwani vimepangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa mnyororo. Miavuli wameng'oa, mchangani yamebaki mashimo yake kwa safu. Duka la aiskrimu limebandikwa magazeti kwenye vioo. Bahari ina rangi ya maji ya kuoshea mchele, na inaingia mpaka barabarani bila kumsumbua mtu, maana watu hawapo. Wapo wazee. Wanakuja na magari yao madogo, wanayaelekeza baharini, wanakaa ndani na vioo juu, wanamenya machenza. Nilihesabu magari matano. Hakuna aliyeshuka.

Juu ya kijiji wanavuna zeituni. Wanatandika nyavu chini ya miti na kuitikisa, wanaume kwa wanawake, na wanagombana juu ya nani katandika vibaya. Hapo kidogo nilijiona niko Ibra wakati wa tende.

Kaka alikuwa fundi wa majokofu, nadhani ulijua. Bi Rosaria anasema hoteli zikifunga ndipo kazi yake ilipoanza. Wakati wageni wapo alikuwa anazurura, wageni wakiondoka anatoka na sanduku lake la vyombo, nyumba hadi nyumba, anatengeneza kila kilichoharibika ili kiwe tayari mwaka unaofuata. Alikuwa na kijiji kizima peke yake. Jokofu la Bi Rosaria bado linafanya kazi. Ubavuni kuna karatasi yenye namba yake ya simu kwa mwandiko wake, ile saba yake yenye mkia. Amekataa kuibandua. Alikuwa akija anajipikia kahawa ya iliki humu jikoni, na Bi Rosaria anasema yeye alijifunza kuipika kwa kaka. Amenipikia leo asubuhi. Iliki nyingi mno, kama yako.

Makaburini nimekwenda. Yako nje kidogo ya kijiji, yamezungushiwa ukuta mweupe na miti mirefu myembamba. Wiki iliyopita ilikuwa siku yao ya kuzuru maiti, kwa hiyo pamejaa maua, kila kaburi, manjano na meupe, na taa ndogo za umeme, na picha za wenyewe kwenye marumaru. Mvua ilikuwa inanyesha. Mlinzi alikuwa karibu kufunga. Nimemwombea kaka dua, nimesoma Yasini nzima nikiwa nimesimama.

Pana utulivu, shangazi. Narudi Bari kesho. Nitakuandikia tena nikitulia.

Mwanao,
Azza


Ibra, Jumatano, 27 Novemba 2024

Azza,

Wa alaykum salaam. Sisi wazima, mvua imenyesha Jumapili na mfereji wa falaji umejaa. Khulood ataolewa Rajabu. Mbuzi amepona.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ni nzuri. Nimeuona mlango wa duka la aiskrimu na magazeti yake, nimewaona wazee na machenza yao. Karatasi ya jokofu nimelala nayo siku tatu kichwani. Sikujua kuwa alikuwa fundi wa majokofu. Ulidhani nilijua. Aliondoka hapa kwenda kusomea uinjinia, na mimi miaka yote nilikuwa namwona ofisini, na tai.

Lakini umenihesabia magari, umenihesabia maua, mawe hukunihesabia. Nilikutuma jambo moja. Umeandika karatasi tatu, umenipeleka mpaka kwenye miti ya zeituni, na kaburi umelipita kwa mstari mmoja. Nimekulea tangu una miaka sita, Azza. Ulipovunja birika la kauri ulikuja kunisifia chakula.

Niandikie kilichopo.

Umm Hamed


Bari, Alhamisi, 12 Desemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika leo, nimekaa kukujibu kabla sijavua koti, kwa kuwa nikivua nitatafuta kazi nyingine ya kufanya.

Kaburi halipo.

Nilimwonyesha mlinzi jina kwenye simu yangu, akanipeleka mpaka kona ya ukuta wa mashariki. Pale pahala pamelazwa mtu mwingine, mwanamke wa miwani, amekufa mwaka jana, picha yake inacheka. Nikamwambia amekosea. Akaenda kuleta kitabu chao. Huku, shangazi, aliyezikwa ardhini anakaa miaka kumi. Ikitimia wanafukua na kuikusanya mifupa, wenye mtu wao wanaichukua na kuihifadhi kwenye ukuta, na asiye na mtu anatiwa katika chumba cha pamoja chini ya kanisa dogo la makaburini, na wengine. Ndiyo sheria yao na wote wanaijua, hata yule mwanamke wa miwani siku yake itafika. Kaka alifukuliwa Machi 2023. Amechanganywa. Niliuliza, na hawawezi kumtoa tena.

Mlinzi si mtu mbaya. Aliniambia walibandika tangazo langoni mwaka mzima, na namba ya kila kaburi. Watu wanapita, wanatazama makaburi yao, wanakuja ofisini. Kwa kaburi lile hakuja mtu. Akanieleza polepole kama anayezungumza na mgonjwa: hapa kwetu kaburi lisilo na jina, lisilo na picha, lisilo na taa, maana yake mwenyewe hana watu. Wao walidhani ametupwa. Nikataka kumwambia kwamba kwetu makaburi yote ni hivyo, mtukufu na maskini, mawe mawili mwanamume, matatu mwanamke, na hakuna aliyetupwa. Kitaliano changu hakikufika huko. Nilisema tu, "Ana mama." Akasema, "Nasikitika, bibi."

Mawe nimeyaona. Ni mawe ya baharini, meupe, Loredana aliyachagua mwenyewe pwani. Moja lilikuwa linashikilia mlango wa banda la majembe usifungwe na upepo, na la pili liko karibu na bomba. Nilimwomba, akanipa, akayafuta kwa kitambaa chake. Niko nayo hapa chumbani, chini ya meza.

Nina jingine, na hili ndilo lililonifanya nikuandikie habari za machenza. Loredana aliniandikia. Oktoba 2022, kwenye barua pepe yangu ya chuo. Alisema amepata maradhi ya mapafu, anahamia kaskazini kwa dada yake, na muda wa kaburi unakaribia, na yeye kama mke angeweza kuomba liongezwe lakini angependa familia ya Omani iseme inataka nini, maana mara ya kwanza mlikuwa na masharti yenu na hataki kuyavunja. Nilisoma. Nikajiambia nitajibu nikishapata njia ya kukuambia wewe bila ami kujua. Kisha mitihani, kisha Ramadhani, nikajiambia baada ya Idi. Yeye hakuandika tena. Nilipomaliza kuogopa, nikaona aibu, nikaifuta barua yenyewe. Nilipokuandikia sijui kama yuko pale, nilikuwa najua hayuko. Bi Rosaria ameniambia alifariki mwaka jana.

Nisamehe, shangazi. Nilikwenda kijijini nikitumaini kwamba hawakuwa na haraka.

Mlinzi amesema kitu kimoja. Nje ya chumba kile kuna ukuta wa marumaru wenye majina ya waliomo. Yeyote mwenye jamaa humo anaweza kuongeza jina, inatosha barua ya familia. Ni wewe uliyesema lisiandikwe.

Azza


Bari, Jumatano, 8 Januari 2025

Shangazi yangu mpenzi, shikamoo.

Sijapata jibu lako. Najiambia ni posta, sikukuu za huku zilifunga kila kitu. Nimempigia Israa, akasema u mzima lakini Jumatano mbili hukwenda sokoni. Akaniuliza kuna nini. Nimesema sijui.

Ukitaka kunigombeza nigombeze. Ukitaka nisikuandikie tena nitaelewa, ingawa nitaumia. Nijulishe tu kama barua imefika mikononi mwako, siyo ya mwingine.

Azza


Ibra, Jumatano, 22 Januari 2025

Mwanangu Azza,

Nakusalimu kwa salamu ya mama kwa mwana, na ndivyo ilivyo. Barua zako zote mbili zimefika mikononi mwangu. Huku baridi, tumetoa mablanketi mazito. Hamed yuko Sur. Ami yako mzima, habari yake naijia.

Nilikasirika. Sikufichi. Siku tatu nilikasirika na wewe, nikawa namwona yule mwanamke mgonjwa anaandika barua na wewe unaiweka. Siku ya nne nikafanya hesabu. Wewe umenyamaza miaka miwili kwa sababu ya kuogopa. Mimi nimenyamaza ishirini. Sikuwa na pa kusimama nikugombeze, nikaacha. Nimekusamehe, na Loredana muombe msamaha wewe mwenyewe, popote alipozikwa, ukimpata.

Sasa nikwambie la kwangu, maana wewe umeniambia lako.

Ulimfasiria maneno yangu ukadhani ni dini. Mawe mawili ni babu zetu na baba zetu walivyofanya, kweli. Ubavu wa kulia, kweli. Lakini jina, Azza. Sisi hapa hatuandiki majina kwa kuwa hatuna haja nayo. Makaburini Ibra mimi nakwenda nimefumba macho, huyu mama, huyu bibi, huyu mtoto wangu wa kike aliyekufa na siku tisa. Nilionyeshwa, nikawaonyesha wanangu. Kule nani angemwonyesha nani? Nililijua hilo nilipokuwa nimesimama jikoni. Loredana aliuliza mara mbili, na mara ya pili nililijua kabisa. Nikasema hapana kwa sababu niliogopa mtu wa huku atapita, atapiga picha, itazunguka kwenye simu mpaka ifike kwa Marzouq, jina lake kwenye kaburi la ugenini, Ghassan bin Marzouq, watu wasome. Nilimficha mwanangu hata alipokuwa maiti, nikajifunika dini. Na nikakutuma ukatazame kama nimefanya vizuri.

Nilikaa na hilo ndani wiki tatu. Chakula hakipiti. Ami yako akaniona. Juzi asubuhi tumekaa kwenye kahawa, mkwe yuko mlangoni anawavisha watoto viatu vya skuli, akaniuliza nina nini. Niliona mdomo wake. Nikamwambia: namfikiria Ghassan. Mimi kiziwi, sijui sauti yangu inafika wapi. Baadaye Israa ameniambia nilisikika mpaka kwa jirani.

Mkwe akasimama na kiatu mkononi. Ami yako aliweka kikombe chini. Akasema kitu nisichokisikia. Nikamwambia rudia. Akarudia, sikusikia. Basi akashika ukuta, akainuka na goti lake lile, akaja upande wangu wa kulia kwenye sikio lenye uhai, akainama, akaniambia, "Umm Ghassan, walimlaza ubavu gani?"

Azza, miaka kumi na miwili mtu huyu anakaa na swali hilo.

Nikamwambia wa kulia, uso kibla. Ni kweli, siku ile ilikuwa hivyo. Akaketi palepale chini karibu yangu, akalia, na mimi nikalia, mkwe akawatoa watoto nje. Habari ya kufukuliwa sikumwambia wala sitamwambia. Hiyo nitaibeba mimi na wewe, na usije ukajitia ushujaa ukamweleza. Nilimwambia kwamba kule watu huandikwa majina ukutani na yeye hakuandikwa, na wenyewe wanangoja barua kutoka kwetu. Kisha akasema leta karatasi. Yeye ndiye aliyenitajia jina lote, mimi nimeandika, mpaka babu wa nne, na alipofika pale akataka turudi mwanzo tuhakikishe.

Hiyo karatasi ya pili ndani ya bahasha ndiyo barua ya familia. Ipeleke kabla hujarudi. Herufi nimeziandika kubwa na mbalimbali ili fundi wao asikosee. Picha hapana, taa hapana. Jina, na mji wake, Ibra. Na yale mawe mawili usiniletee, yarudishe, muombe mlinzi ayaweke chini ya jina, moja huku na moja huku.

Ukifika kwa Bi Rosaria mpe halwa niliyomtumia, itakufikia kwa mkono wa mwanafunzi wa Hamed anayekuja huko mwezi ujao. Mwambie imetoka kwa mama wa fundi. Na mwambie iliki, fundi alijifunza kwangu.

Wako shangazi,
Umm Ghassan